Kigali: Mkataba wa mwalimu unapobadilishwa baada ya kuvuka mpaka

Mwalimu anashuka kwenye basi la Kampala pale Nyabugogo alfajiri, begi la nguo begani, na katika simu yake upo ujumbe wa mwenye shule unaotaja mshahara, nyumba na siku ya kuanza kazi. Wiki mbili baadaye, akiwa ameshazoea majina ya wanafunzi wake, anaitwa ofisini na kuwekewa mezani karatasi ya kutia saini. Tarakimu ya mshahara ni ileile, ila sasa imeelezwa kuwa ni mshahara kabla ya makato. Nyumba haikutajwa. Muda wa ajira ni miezi kumi, wala si mwaka mzima kama walivyokubaliana kwa simu.

Huu ni mfano tu, lakini mwalimu wa Kiingereza kutoka Uganda au Kenya aliyewahi kufundisha katika shule binafsi za Kigali hatashindwa kuutambua. Je, sheria za Rwanda zinamruhusu mwajiri kubadili masharti kwa namna hiyo? Jibu fupi ni hapana, isipokuwa mwalimu mwenyewe ameridhia. Tatizo ni kwamba ile saini inayoombwa ofisini ndiyo ridhaa yenyewe.

Kiingereza kilivyofungua milango

Mnamo Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia, na mabadiliko yakaanza kutekelezwa mwaka 2009. Walimu waliosomea kwa Kifaransa walijikuta wakifundisha hesabu na sayansi kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wakijifunza. Waganda na Wakenya, waliosoma kwa Kiingereza tangu utotoni, wakawa watu wa kutafutwa. Baadhi yao waliajiriwa katika mpango wa serikali wa kuwanoa walimu wenyeji shuleni, na wengine wakaingia shule binafsi. Desemba 2019 wizara ya elimu ilitangaza kuwa Kiingereza kitumike kuanzia darasa la kwanza, na mahitaji hayo yakaongezeka.

Serikali nayo imetafuta walimu nje ya kanda. Oktoba 2022 kundi la walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe liliwasili Rwanda kufuatia makubaliano ya nchi hizo mbili. Mwalimu wa namna hiyo ana serikali mbili nyuma yake. Anayekuja kwa ujumbe wa simu hana shahidi mwingine ila simu hiyo.

Makato ya nani?

Mahali ambapo mabishano huzuka zaidi ni kwenye tofauti kati ya mshahara ghafi na ule unaotiwa mkononi. Chukua mshahara ghafi wa faranga 300,000 kwa mwezi. Kodi ya mapato haitozwi kwenye faranga 60,000 za mwanzo. Kuanzia hapo hadi 100,000 hutozwa asilimia 10, kisha asilimia 20 hadi 200,000, na asilimia 30 kwa kinachozidi. Kwa hesabu hiyo kodi inafikia faranga 54,000. Mchango wa pensheni, ambao tangu Januari 2025 umepanda kutoka asilimia 3 hadi 6 kwa upande wa mfanyakazi, unachukua 18,000 nyingine. Faranga 72,000 zimekwenda kabla ya makato mengine madogo, na aliyedhani ameahidiwa 300,000 mkononi anaona ameibiwa.

Hapa inafaa kutenda haki kwa pande zote. Mkataba ukitaja mshahara ghafi, kisha sheria ikapandisha mchango wa pensheni, mwajiri hajabadili chochote; ni dola iliyobadili. Lakini mkataba ukisema mwalimu atapokea kiasi fulani baada ya makato, nyongeza hiyo haiwezi kusukumiwa mfuko wake bila makubaliano mapya. Neno moja kwenye karatasi ndilo linaloamua, na kwa bahati mbaya mazungumzo mengi ya kwanza hufanyika bila kulitaja.

Sheria ya mikataba ya mwaka 2011 iko wazi: mkataba uliofungwa kihalali huwabana wote walioufunga, na hauvunjwi ila kwa ridhaa yao au kwa sababu inayotambuliwa na sheria. Sheria ya kazi ya Agosti 2018 inakubali hata mkataba usioandikwa, lakini kwa muda usiozidi siku 90. Kwa hiyo mwenye shule anayemwambia mwalimu asubiri karatasi hadi mwisho wa muhula anajiweka mwenyewe mahali pabaya.

Funzo la mwaka 2020

Machi 2020 shule zote za Rwanda zilifungwa kwa sababu ya virusi vya corona, na zilianza kufunguliwa kwa awamu mwezi Novemba. Bila karo, shule binafsi nyingi zilisimamisha mikataba ya walimu. Sheria inaruhusu kusimamisha mkataba kwa sababu za kiuchumi, lakini kwa siku zisizozidi 90 mfululizo katika mwaka mmoja. Siku hizo zikipita bila mfanyakazi kurudishwa kazini, huhesabiwa kuwa ameachishwa kazi na anastahili malipo yake. Shule zilifungwa kwa zaidi ya miezi saba.

Mwalimu Mnyarwanda angalau alikuwa nyumbani. Kwa Mganda mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani mpaka wa Gatuna ulikuwa na mgogoro tangu Februari 2019 na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Aliyeambiwa akubali nusu mshahara au aondoke alikuwa akichagua huku njia ya kwenda kwao imezibwa.

Kwa nini basi anatia saini?

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama kwa uraia wake, iwe katika ajira, malipo au masharti ya kazi. Ni ulinzi mzuri, lakini una mipaka. Kibali cha kazi hutolewa kwa msingi wa ajira iliyopo. Ajira ikifa, na kibali hupoteza mguu wake. Kalenda nayo haimsaidii. Mwaka wa shule wa Rwanda huanza Septemba na kumalizika Julai, wakati ule wa Uganda na Kenya huanza mapema mwaka. Anayekosa kazi Julai hukuta shule za kwao zimeshajaza nafasi. Ndiyo maana karatasi ya pili hutiwa saini kimyakimya, na si kwa sababu mwalimu hajui kusoma Kiingereza chake.

Asiyeridhika ana njia. Hatua ya kwanza ni wawakilishi wa wafanyakazi shuleni, pale walipo, ambao hujaribu kusuluhisha. Wakishindwa, shauri hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya ilipo shule, ambayo kwa Kigali ni Gasabo, Kicukiro au Nyarugenge. Usuluhishi ukigonga mwamba, linabaki la mahakama. Katika hatua zote hizo, ujumbe wa awali wa simu, hati za malipo za benki na nakala ya mkataba wa kwanza vina uzito kuliko maelezo ya mdomo, na mwalimu aliyeacha nakala yake ya pekee ofisini huanza kesi akiwa nyuma.

Mahakama ikiona kuwa ameachishwa kazi kinyume cha sheria, fidia ya kawaida huwa kati ya miezi mitatu na sita ya mshahara. Mshahara unaohesabiwa hapo ni ule unaobaki baada ya makato.