Tinti ya Gari: Weusi wa Kioo Si Kipimo cha Kuzuia Joto

DODOMA

Kila ifikapo mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi katika Jiji la Dodoma, huku mvua zikiwa bado hazijaanza. Katika kipindi hicho baadhi ya wamiliki wa magari hubandika karatasi za tinti ili kupunguza joto, na huchagua iliyo nyeusi zaidi wakiamini kuwa ndiyo yenye kinga kubwa zaidi. Imani hiyo si sahihi, na inaweza kumgharimu mmiliki fedha zake pamoja na usalama wa watumiaji wengine wa barabara.

Takriban nusu ya nishati ya jua inayofika ardhini ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini ngozi huihisi kama joto. Sehemu kubwa ya inayobaki ni mwanga unaoonekana, na asilimia chache tu ni mionzi ya urujuanimno, inayodhuru ngozi na kupausha viti. Weusi wa kioo huonesha tu kiasi cha mwanga unaoonekana kilichozuiwa; hauoneshi kiasi cha infraredi kinachopita.

Karatasi za tinti ziko za aina kuu nne. Ya rangi ni ya bei nafuu, lakini uwezo wake wa kuzuia joto ni mdogo na jua huichakaza hadi kuwa ya zambarau. Ya metali huakisi joto, ila inaweza kudhoofisha mawimbi ya simu na ya vifaa vya kufuatilia mwenendo wa gari. Ya kaboni haipauki kwa urahisi wala haiathiri mawimbi. Ya kauri kwa kawaida ndiyo ya bei ya juu zaidi, na huweza kuzuia sehemu kubwa ya infraredi hata ikiwa angavu.

Tofauti hiyo ina umuhimu wa pekee kwa Dodoma. Mtumishi anayetoka katikati ya jiji asubuhi kwenda Mji wa Serikali Mtumba huelekea mashariki, jua likiwa mbele yake. Jioni anaporejea huelekea magharibi, jua likiwa mbele tena. Joto humfikia kupitia kioo cha mbele, ambacho hakipaswi kutiwa giza. Hapo tinti nyeusi ya vioo vya nyuma haimsaidii.

Mnunuzi anashauriwa kuangalia takwimu tatu katika maelezo ya mtengenezaji. Ya kwanza ni jumla ya nishati ya jua inayozuiwa, ambayo ndiyo kipimo halisi cha joto. Asilimia ya infraredi peke yake haitoshi, na jaribio la dukani la kushika mkono mbele ya taa ya joto huonesha sehemu hiyo tu. Ya pili ni urujuanimno unaozuiwa. Karatasi bora hufikia asilimia 99 bila kujali weusi wake. Kinga hii ni muhimu hasa kwa watu wenye ualbino, kwa kuwa vioo vya pembeni kwa kawaida hupitisha mionzi hiyo kuliko kioo cha mbele.

Ya tatu ni kiasi cha mwanga kinachopita. Ikumbukwe kuwa kioo chenyewe hupunguza mwanga: kioo kinachopitisha asilimia 75, kikibandikwa karatasi inayopitisha asilimia 70, hubaki na asilimia 52.5. Nchini Uingereza na Japani, vioo vya pembeni vya mbele hutakiwa kupitisha angalau asilimia 70. Aidha, magari mengi yaliyotumika kutoka Japani huja na vioo vya nyuma vyenye rangi nzito tangu kiwandani.

Giza hilo huwa hatari zaidi usiku. Katika barabara zisizo na taa, dereva asiyeona vizuri kupitia kioo cha pembeni anaweza kuchelewa kumwona mtembea kwa miguu, bodaboda au mifugo inayovuka.

Hata hivyo, hakuna tinti inayoligeuza gari lililofungwa juani kuwa mahali salama. Joto la ndani huweza kupanda kwa nyuzi 20 za Selsiasi ndani ya saa moja, hivyo mtoto asiachwe humo hata kwa dakika chache.

Kabla ya kubandika, wamiliki wanashauriwa kupata ufafanuzi kutoka Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, kuchagua fundi mwenye sehemu iliyofungwa isiyoingiza vumbi, na kudai dhamana ya maandishi pamoja na risiti ya EFD. Baada ya kazi, vioo visishushwe kwa siku kadhaa hadi gundi ikauke.