Mashudu ya Karanga na Uji wa Mtoto



Siku moja mama mmoja alikuja kliniki ya watoto na kopo la unga wa uji. Alikuwa amechanganya mahindi na mashudu ya karanga aliyopewa mashineni. Nia yake ilikuwa njema, kwani mashudu yana protini nyingi. Nilipomwuliza karanga zilikuwaje, alijibu: “Dada, zilikuwa zile za ukungu. Nzuri tuliuza.” Hapo ndipo penye hatari.

Mashine ya mkono iliyobuniwa na Carl Bielenberg huko Arusha mwaka 1985 hukamua alizeti na ufuta. Za injini hukamua hata karanga. Kazi ni moja: mbegu hugandamizwa kwa nguvu ndani ya chuma chenye matundu membamba, mafuta yakachuruzika, mashudu yakabaki. Lakini mgandamizo hauondoi sumu.

Ukungu wa karanga na mahindi huweza kutoa sumukuvu. Sumu hii haiyeyuki vizuri katika mafuta, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki ndani ya mashudu. Nyingine hutoka na chembechembe zilizomo katika mafuta. Kuchemsha uji hakuimalizi. Huharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka 2004 huko Kenya, mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125.

Basi wazazi, tufanye hivi:

1. Tukaushe karanga vizuri mara baada ya kuvuna, juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu.

2. Kabla ya kukamua, tuchambue. Zilizooza, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tuzitupe. Tusizipeleke mashineni.

3. Mafuta tuyaache yatulie, kisha tuyachuje kwa kitambaa safi. Kuchuja hupunguza chembechembe, lakini hakugeuzi mbegu mbovu kuwa nzuri.

4. Mashudu usiyojua mbegu zake, usimpe mtoto. Usimpe hata ng’ombe wa maziwa, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa.

Kwa uji, chagua karanga chache zilizo safi, uzisage mwenyewe. Mama yule alikubali kuumwaga unga wake. Ilimwuma, lakini mtoto hana ini la akiba.