Ufalme wa Ufipa (2): Chuma Kiliujenga, Karatasi Ikaufuta

Abiria anayeshuka Kipili hupokewa na harufu ya dagaa walioanikwa mchangani na kelele za wachukuzi wanaogombea mizigo. Mbele yake ni visiwa, nyuma yake ni milima. Haoni ngome wala kasri la kumwambia kwamba ameingia nchi ya wafalme. Lakini wilaya anayoikanyaga inaitwa Nkasi kwa sababu ya Nkansi, dola ya Wafipa iliyokuwa na Mwene, yaani mfalme, wake, kodi zake na mabaraza yake ya kuamua kesi muda mrefu kabla Mjerumani hajachora mpaka wowote huku. Mtanzania wa mikoa mingine akisikia Sumbawanga huanza na utani wa uchawi, na mazungumzo huishia hapo. Hasara ni yake, maana anakosa kisa cha dola ambayo haikuangushwa na vita.

Juma lililopita tulifika Milansi, kijiji cha mlimani karibu na mji wa Sumbawanga wa leo, ambako wazee huweka chimbuko la utawala wote wa Ufipa. Mtawala wa kwanza, wanasema, alikuwa Ntatakwa, aliyeshuka kutoka mbinguni dunia ilipoanza. Tuendelee na siku kiti chake kilipochukuliwa.

Masimulizi yanatofautiana katika mengi, lakini kiini chake ni kimoja. Mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda, na kabla ya kuondoka aliacha onyo: watakuja wageni watakaotaka kiti changu, wasipewe. Wageni wakaja, nao ni wanawake watatu waliotoka mbali. Wakaomba kiti, wakanyimwa. Wakasisitiza, mwisho mlinzi wa nyumba akalegea. Mfalme alipopata habari alirudi mbio, akakuta mgeni amekalia kiti na nchi imekwisha kupimwa. Hakupigana. Aliwaachia nchi, akabaki na mlima wake na mamlaka ya tambiko. Ukoo wa wanawake hao ndio Watwa, ambao wasichanganywe na Watwa wa misitu ya Kongo, na ndio uliotoa wafalme wa Ufipa tangu hapo. Baadaye ukoo huo uligombana wenyewe kwa wenyewe ukagawanyika: Nkansi upande wa kaskazini, Lyangalile upande wa kusini.

Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliirudia simulizi hii tena na tena katika maandishi yake, hadi kitabu chake kikubwa cha mwaka 1981 kuhusu dola ya Ufipa. Alivutwa na lile lililonivuta mimi pia: mshindwa hakufukuzwa. Milansi ilibaki nchi ndogo inayojitegemea katikati ya wakubwa, na Mwene wa Kitwa hakuhesabiwa kuwa mfalme kamili bila baraka zake. Mwenye nguvu alikuwa na ardhi, mwenye asili alikuwa na mlima, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Kwa maoni yangu, huo ni mkataba wa kisiasa uliovishwa nguo za hadithi.

Hata hivyo, mkataba haulishi watu. Kilichowalisha Wafipa ni ulezi, na ulezi ulitaka jembe. Ufipa ni uwanda wa nyasi ulio mita 1,000 hivi juu ya Ziwa Tanganyika, na udongo wake mwingi si wa rutuba. Wakulima walibuni intumba: wanakata nyasi mbichi, wanazifukia ndani ya vilima vya udongo, zinaoza, na msimu unaofuata vilima vinatawanywa na kupandwa. Kazi hiyo hula majembe. Inabidi tuielewe kiu hiyo ya majembe kwanza, ndipo tuelewe kwa nini fundi wa chuma alikuwa mtu mkubwa Ufipa.

Tanuri la Wafipa linaitwa ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likaenda juu mita tatu hivi, pana chini na jembamba juu. Halikuwa na mivukuto. Kuzunguka kitako chake waliacha matundu, wakapachika mirija ya udongo wa kuchoma. Moto ukishika, joto lilipanda juu kama kwenye dohani na hewa ikavutwa yenyewe kupitia mirija ile. Ndani yake mkaa na mawe ya chuma vilipangwa kwa zamu, tabaka juu ya tabaka. Tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi: lilipambwa, likaimbiwa, likapewa dawa kutoka katika kikapu cha fundi mkuu, na mafundi walijizuia wasilale na wake zao hadi kazi iishe. Mwenye haraka ataita ushirikina. Lakini ndani ya miiko hiyo kulikuwa na nidhamu ya kazi, na siri ya ufundi ilibaki mikononi mwa wachache.

Kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Lilikuwa bonge lenye taka, likapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto, likasafishwa mara ya pili, kisha likaingia kwa mhunzi. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania aliyechimba na kupima mabaki haya kwa miaka mingi, ameonyesha pia kwamba mwambao wa ziwa ulijua ufundi mwingine wa kale kuliko malungu, uitwao katukutu, wenye tanuri fupi la mivukuto. Kwa hiyo mavi ya chuma yanayookotwa kando ya ziwa huenda ni ya watu walioyeyusha chuma kabla dola tunayoizungumzia haijasimama.

Majembe hayo yalilipa mahari, yalilipa kodi kwa Mwene, na yalivuka mipaka kubadilishwa na mifugo, chumvi na samaki. Wafipa walifuma pia nguo nzito za pamba. Himaya nyingi tunazozisoma vitabuni ziliinuka kwa mkuki. Hii iliinuka kwa jembe, na mkuki ulipokuja ulitoka nje.

Ulikuja katika miaka ya 1840. Wangoni wa Zwangendaba, waliokuwa wamevuka Zambezi mwaka 1835, walipanda hadi Ufipa na kupiga kambi mahali panapoitwa Mapupo. Nchi iliumia, ng'ombe wakaswagwa, vijiji vikahama. Lakini Zwangendaba alifia huko huko Mapupo kabla ya mwaka 1850, na watu wake wakagombania urithi. Wengine walielekea kaskazini hadi Ujiji na mbele yake, wengine kusini walikoanzisha falme mpya pande za Ziwa Nyasa, wengine wakaangukia Songea. Wafipa walirudi kwenye vilima vyao vya intumba. Nafasi iliyowafaa Wangoni kusambaratisha Ufipa ilikuwa hiyo, nao walisambaratika wao.

Miaka iliyofuata ndiyo kilele. Mskoti Joseph Thomson alipita Nkansi mwaka 1880 enzi za Mwene Kapufi, akaona wakulima watulivu, vijiji vikubwa na watu waliovaa nguo walizofuma wenyewe. Nchi jirani wakati huo zilikuwa zinaungua kwa biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Nkansi nayo haikuwa safi katika biashara hiyo: wafanyabiashara wa pwani walikuja kwa Mwene, na Kirando, jirani ya Kipili, ilikuwa njia ya misafara kuvuka ziwa kwenda Marungu ng'ambo ya Kongo. Tusiwapambe mababu kupita kiasi. Walichofanya vizuri ni kuishika biashara mikononi mwa utawala, isiugeuze utawala kuwa genge la majambazi wenye bunduki kama ilivyotokea kwingine.

Sasa anguko. Tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliomgawia Mjerumani nchi yote kati ya Nyasa na Tanganyika upande huu. Hakuna Mfipa aliyeulizwa. Wamisionari wa White Fathers walikuwa Karema tangu mwaka 1885, na misheni zao zikashuka kufuata mwambao. Ngome ya Wajerumani ilijengwa Kasanga, ikabatizwa Bismarckburg. Kuanzia mwaka 1898 koloni zima lilianza kutozwa kodi ya kibanda, na hapo ndipo mshipa ulipokatwa. Kodi iliyokuwa ikienda kwa Mwene kwa jembe na jasho sasa ilikwenda bomani kwa fedha, na fedha ilipatikana mbali: vijana walianza safari za kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na baadaye migodi ya kusini. Wakati huohuo majembe ya Ulaya yalifika kwa meli, mepesi na rahisi. Nani atajizuia asilale na mkewe siku kadhaa, achome msitu wa mkaa, apate jembe linalouzwa dukani? Mwandishi mmoja, Greig, alipoandika habari za malungu mwaka 1937, alikuwa anaandika ufundi uliokuwa unazimika.

Waingereza waliochukua nchi mwaka 1916 hawakuwafukuza wafalme. Walifanya jambo baya zaidi: waliwaajiri. Chini ya sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, Mwene wa Nkansi na mwenzake wa Lyangalile wakawa watu wa mshahara, wakikusanya kodi ya serikali na kutekeleza amri za Bwana Shauri. Milansi, iliyokuwa ikiwapa uhalali, haikuwa na kazi tena katika mpango huo, kwa sababu uhalali sasa ulitoka kwa Gavana. Kwa hiyo Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu kwa sheria mwaka 1963, ilifuta cheo ambacho ndani yake kulikuwa kumebaki kofia na mshahara. Ndiyo maana Ufipa haikulia kwa sauti.

Wapo wanaosema Nyerere aliua ufalme wa Ufipa. Sikubaliani nao. Ufalme uliuawa na kodi ya 1898 na jembe la dukani. Mwaka 1963 ulikuwa wa mazishi.

Malungu kadhaa bado yamesimama porini juu ya uwanda, mengine yamevunjika nusu. Mwenye shamba lenye tanuri asilibomoe ili apate udongo wa matofali. Amwite ofisa utamaduni wa wilaya, na mirija iliyotawanyika chini aiache ilipo, kwa kuwa wataalamu wanasoma umri na ufundi kutokana na mahali kila kipande kilipolala. Juma lijalo tutakwenda Lyangalile.