Kete 17 Zilizosimamisha Bao Ruiru

Wachezaji wa bao hawaishi kubishana, na sisi watu wa pwani tumezoea: robo ya mchezo ni mkono, iliyobaki ni ulimi. Lakini ubishi wa majigambo ni mbali na ubishi wa kanuni. Wa majigambo hunogesha baraza. Wa kanuni huivunja.

Mwaka jana nilikuwa Ruiru kwa jamaa zangu walioko huko kikazi. Baada ya Alasiri tulikaa penye bao, komwe zikilia mashimoni. Namua zilikuwa zimekwisha, watu wako katika mtaji. Mzee mmoja wa Mombasa akazoa shimo la kete 17 ili ale. Kijana aliyecheza naye, mzaliwa wa Unguja, akasema kwa adabu:

"Ami, hilo halili."

"Halili kwa nini? Kwetu hula!"

Hapo mchezo ukasimama.

Kwa kanuni ya Unguja kijana alikuwa na haki. Kila mchezaji ana mashimo 16, manane mbele na manane nyuma. Kete 16 zikitawanywa huzunguka upande mzima zikarudi zilipotoka. Kwa hivyo shimo lililozidi kete 15 halina ruhusa ya kuanza kula. Mzee naye hakuwa mwongo: ndivyo alivyofunzwa na babake, na barazani kwao hakuna aliyemzuia tangu ujana wake. Nani basi amwambie kuwa babake alikosea? Kijana aliomba radhi, mzee akachukua kofia yake akaenda zake. Niliambiwa baadaye kuwa hawajaketi tena pamoja, na Ruiru wachezaji wa kuwatoshea hawako wengi kama Malindi au Ng'ambo.

Wapo wasemao dawa ni kitabu. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Unguja, akachapisha utafiti wake mwaka 1995, na kanuni za Unguja ndizo zilizoenea duniani. Kazi njema, simkatai. Ila kitabu kikisema hivi na babake mtu alisema vile, mimi simwoni mzee yule akirudi kwa sababu ya kitabu. Na mambo ni mengi: kete ikiishia katika nyumba wakati wa namua, mwenyewe achague kulala au kusafiri, katika kutakata mlango huo haupo. Hapo pia pana wabishi wake.

Siku ya pili nilikwenda Thika. Huko wenyeji, Wakikuyu, wana mchezo wao wa asili, giuthi, wenye safu mbili tu, na idadi ya mashimo haikuwa moja kila mahali. Nilimkuta mzee wao akimkaribisha mgeni kutoka kijiji cha mbali. Kabla ya kugusa kete alimwuliza: kwenu mwacheza kwa mashimo mangapi? Mgeni akajibu. Yakafuata maswali mengine, moja baada ya moja, kama watu wanaopatana mahari, hata nikaanza kuchoka kungoja. Kisha wakacheza mpaka adhana ya Magharibi ilipotuinua sisi wengine, na sikusikia mmoja wao akimkatiza mwenziwe.