Mtaji Mdogo, Rangi Nyembamba: Kuchagua Mashine ya Kwanza ya Polishi

Tangu Babati iwe makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, mji umekuwa na kila aina ya gari: ya ofisi za serikali, Noah za abiria, malori, IST za watumishi, Land Cruiser za watalii wanaokwenda Tarangire. Barabara kuu itokayo Arusha inagawanyika hapa, moja ikienda Kondoa na Dodoma, nyingine Katesh na Singida, na magari yanayopita yanafika yakiwa na vumbi jekundu hadi kwenye vioo. Ndiyo maana kazi ya kuosha magari haikosi wateja katika kata ya Bagara na maeneo ya jirani. Mwoshaji akishazoea kazi hiyo huanza kufikiria hatua inayofuata, yaani kung'arisha rangi iliyofifia na kuondoa mikwaruzo midogo. Anakusanya akiba, anaingia duka la vifaa, na swali lake la kwanza huwa ni moja: mashine hii ina wati ngapi? Nashikilia kwamba swali hilo ndilo linalopoteza fedha za wanaoanza. Kinachopaswa kuamua mashine ya kununua ni unene wa rangi itakayofanyiwa kazi, na ukishaujua unene huo utaona kwamba sehemu kubwa ya mtaji haistahili kwenda kwenye mashine kabisa.

Rangi ya gari iliyotoka kiwandani imepangwa kwa tabaka: ya kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile tabaka angavu isiyo na rangi. Zote kwa pamoja kwa kawaida hufikia kati ya maikroni 100 na 140, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia peke yake mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Mikwaruzo tunayoiona gari likisimama juani, ile inayozunguka mwanga wa jua kama utando wa buibui, imo ndani ya klia hiyo, na polishi haiifuti kwa kuijaza. Inaifuta kwa kusaga klia inayoizunguka hadi uso wote ulingane. Kila gari linapopigwa polishi, basi, linapunguziwa kitu kisichorudi. Polishi laini huondoa maikroni moja au mbili, kompaundi kali huondoa zaidi, na msasa wa maji huondoa zaidi ya hapo. Klia ndiyo pia yenye kemikali za kukinga rangi dhidi ya jua, kwa hiyo anayeisaga kupita kiasi humrudishia mteja gari linalong'aa leo na kubabuka baada ya misimu michache. Gari ambalo klia yake imeshaanza kubanduka kwa magamba halina dawa ya mashine, na fundi mwaminifu anamwambia mwenye gari aende kwa mpiga rangi.

Magari yetu yana ugumu wa ziada. Mengi yameingia kutoka Japani yakiwa yametumika miaka mingi. IST ya toleo la kwanza, lililoanza mwaka 2002, imeshakula jua la nchi mbili. Mengine yamepakwa upya gereji, na hapo unene haubashiriki: mlango mmoja una puti nene, mwingine una rangi iliyopulizwa mara moja. Ipo pia rangi nyeupe ya Toyota yenye namba 040, inayosomeka kwenye kibati cha chuma ndani ya boneti au ubavuni mwa mlango, ambayo kwenye magari mengi haina klia juu yake. Ukiipiga polishi, sponji linakuwa jeupe, na asiyejua hushtuka akidhani ameharibu. Hajaharibu, ila anasaga rangi yenyewe na anapaswa kuishia mapema. Kwa gari lililopakwa upya, jaribu kwanza mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye thina kidogo. Rangi ikiyeyuka na kushika kitambaa, hiyo ni ya aina inayolainika haraka kwa joto, na mashine yoyote iguse kwa tahadhari kubwa.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe. Mafundi wengi wameanza na grenda ya kukatia vyuma, wakaifunga sponji au manyoya ya kondoo. Grenda ndogo ya kawaida huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na kwa mwendo huo rangi hupata joto na kuungua kabla mkono haujahama. Hiyo tuiache kwa mafundi wa mageti. Mashine ya rotari, iliyotengenezwa kwa polishi, huzunguka kati ya mara 600 na 3,000 kwa dakika na kasi yake inapunguzwa kwa swichi. Lakini kichwa chake kinazunguka kwa nguvu ya mota moja kwa moja. Ukiibonyeza kwenye ukingo wa mlango au mgongo wa boneti, ambako rangi ni nyembamba kuliko kwingine, haisimami, inaendelea kusaga hadi praima ionekane. Kwenye bampa la plastiki ni hatari zaidi, kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati. Aina ya tatu ni mashine ya mizunguko miwili, ambayo kwenye boksi huandikwa DA. Sponji lake linazunguka lenyewe huku likicheza pembeni kwa milimita 8, 15 au 21, na katika aina ya kawaida mzunguko huo hausukumwi na gia. Ukigandamiza kupita kiasi au ukiinamisha vibaya, sponji linaacha kuzunguka na kubaki likitetemeka tu. Udhaifu huo ndio unaomlinda anayejifunza, na ndio unaonifanya niseme bila kusita kwamba mashine ya kwanza iwe ya aina hii, yenye sahani, yaani bamba linaloshika sponji, ya milimita 125. Sahani ya ukubwa huo inaingia kwenye milango na nguzo nyembamba za magari madogo, na sponji zake ni rahisi kuliko za sahani kubwa. Mota ya wati 600 hadi 900 inatosha kuizungusha.

Wapo watakaosema kwamba rotari ni ya bei nafuu zaidi, inapatikana karibu kila duka la vifaa, na mafundi hodari wameitumia maisha yao yote. Yote ni kweli. Ningeongeza hata kwamba kwa kuondoa alama za msasa baada ya kupaka rangi upya, rotari mkononi mwa mzoefu inamaliza mapema kuliko DA. Lakini mzoefu huyo alijifunza kwa kuharibu, mara nyingi katika gereji ya mtu mwingine, kwa bati ambalo lingepakwa upya hata hivyo. Anayeanza Bagara kwa akiba yake hana mpiga rangi wa kumfichia kosa. Boneti moja iliyotobolewa rangi itamlazimu kulipa kupaka upya, na gharama hiyo inaweza kumeza tofauti yote ya bei aliyoiokoa dukani. Halafu rotari ikiendeshwa na mkono mchanga huacha vivuli vya duara vinavyoonekana mteja akishatoka kwenye kivuli, na mteja wa mji mdogo huwaambia wenzake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: DA za bei ya chini hutetemesha mkono na hufa mapema. Dawa yake ni kuikagua mashine kabla ya kulipa. Iwashe dukani, iache izunguke kasi ya chini na ya juu, usikilize mlio unaokwaruza, ushike shingo yake baada ya dakika chache kuona kama inachemka. Uliza kaboni za mota yake zinapatikana wapi, na kama sahani yake inauzwa peke yake, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyokwisha kwanza. Mashine ya jina dogo yenye kaboni zinazopatikana Babati au Arusha ina maisha marefu kuliko ya jina kubwa ambayo vipuri vyake ni vya kuagiza. Angalia pia kibati cha umeme. Kwetu umeme ni volti 230. Mashine iliyotumika Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni ya 120, na ukiichomeka bila transfoma inaungua papo hapo. Bei ndogo ya mashine ya mtumba mara nyingi ina sababu hiyo. Umeme wenyewe usikutishe: mashine ya wati 700 ikifanya kazi saa tatu mfululizo haitumii hata uniti mbili na nusu.

Hapo ndipo hesabu ya mtaji inapogeuka. Mimi ningetenga nusu tu ya fedha kwa mashine, na nusu nyingine kwa vitu vinavyogusa rangi. Sponji mbili hazitoshi gari moja, kwa sababu sponji likishajaa unga wa rangi na joto halisagi tena, linasugua uchafu. Ziwe angalau sita: chache ngumu za kukatia, nyingi za kati, na moja laini ya kumalizia. Dawa ziwe mbili tu mwanzoni, kompaundi ya wastani na polishi laini, na kila gari lianziwe na ile laini. Ikiondoa mikwaruzo, kompaundi haina kazi. Epuka chupa zinazoahidi kung'arisha kwa kupaka na kufuta bila jasho, kwani nyingi zina mafuta yanayoficha mkwaruzo hadi mvua ya kwanza. Ili usidanganywe na mafuta hayo hata wewe mwenyewe, futa sehemu uliyomaliza kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, halafu tazama kwa tochi. Weka alama ya kalamu ya wino kwenye ukingo wa sahani ili uone kama sponji linazunguka au linatetemeka tu, tia matone machache ya dawa, fanya eneo la nusu mita kwa nusu mita, kivulini, bati likiwa limepoa. Mwisho nta, ambayo unaweza kuipaka kwa mkono.

Lakini kitu ninachokiona kinapuuzwa kuliko vyote ni vitambaa na ndoo. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga ngumu kuliko klia yoyote. Fulana ya mtumba inayofuta gari kavu kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, inazisugua chembe hizo juu ya rangi, na hiyo ndiyo asili ya mikwaruzo mingi inayoletwa kwa fundi wa polishi. Anayepiga polishi gari lisilooshwa sawasawa anafanya kosa lile lile kwa nguvu ya mota. Nunua vitambaa vya maikrofaiba kumi au zaidi, ufue mbali na nguo nyingine, kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari bila kufuliwa. Osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Na maji hayo machafu yasiishie Ziwa Babati: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuliharibu.

Linabaki swali la soko. Itasemwa kwamba mwenye Noah anayetafuta hesabu ya siku hatalipia polishi, na kwamba wachache wanaotaka gari ling'ae hulipeleka Arusha. Sehemu ya kwanza nakubaliana nayo kwa kiasi. Ndiyo maana kazi ya kuanzia isiwe gari zima. Taa za mbele za magari ya miaka hii ni za plastiki ya polikaboneti, ambayo jua huifanya njano na kufifisha mwanga usiku, na mwenye Noah anayerudi Katesh gizani analijua tatizo hilo vizuri. Msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi kwa DA ile ile, vinarudisha uangavu ndani ya muda mfupi. Ukisaga, hata hivyo, umeondoa kinga ya jua ya kiwandani, hivyo paka kinga mpya, la sivyo njano itarudi na mteja hatarudi. Mwenye gari analipa kwa sababu anaona barabara, na kwa kazi hizo unajenga jina kabla hujamwomba mtu akuachie boneti yake.

Wewe unayekusanya akiba sasa hivi, tenga pia kiasi kidogo ambacho hakimo kwenye orodha ya duka lolote. Nenda gereji yoyote mjini, nunua mlango au boneti chakavu ambayo bado ina rangi, uilaze juu ya matofali, ufanyie mazoezi hadi uweze kuzifikia kingo zake bila praima kuonekana. Gari la mteja lisubiri hadi hapo.