Kwa Nini Greda Hufika na Mvua: Barabara za Mitaa Ziba

Ziba, kata ya Wilaya ya Igunga mkoani Tabora, imekaa kwenye barabara kuu ya lami iendayo Nzega kutoka Singida na Igunga. Lami hiyo ni ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000 kusimamia barabara kuu na za mikoa. Njia za mitaani na zinazounganisha vijiji ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mzigo wa halmashauri. Mipaka hii haionekani barabarani, ndiyo maana malalamiko mengi huishia kwa diwani, ambaye hana greda wala bajeti ya kukodi moja.

Fedha za matengenezo hutoka hasa kwenye Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta ya magari. Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za wilaya, ingawa hizi za pili ndizo ndefu zaidi zikijumlishwa. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ili kuiongezea TARURA nguvu.

Hata fedha zikiwepo, kuna tatizo la kalenda, na pengine hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kiangazi cha Tabora kinakuwa kimeshaanza tangu Mei, barabara zimekauka na ziko tayari kuchongwa, lakini bajeti mpya haijafunguliwa. Zabuni hutangazwa, siku hizi kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, wazabuni wakachambuliwa, mkataba ukasainiwa, mkandarasi akakabidhiwa eneo. Hatua hizo zote zikimalizika, mara nyingi wingu la Novemba limeshatanda, na mvua za mkoa huu huendelea hadi Aprili. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walielewa jambo hili vizuri: wengi waliondoka kwenda pwani baada ya mavuno na kupanga kurudi kabla ya msimu wa kulima.

Udongo nao una tabia zake. Sehemu kubwa ya Igunga ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kifusi kikimwagwa juu yake bila kuinua tuta na kuchimba mitaro, mvua za kwanza hukimeza. Kwa hiyo mkandarasi makini hulazimika kuinua barabara, kujenga makalavati, kisha kusomba changarawe kutoka machimboni, ambako si lazima kuwe karibu. Kushindilia kunahitaji unyevu wa kiasi. Masika udongo ni tope na mashine hukwama. Katikati ya kiangazi ni vumbi, na maji lazima yaletwe kwa boza katika wilaya ambayo watu na mifugo wanayagombea maji hayohayo. Muda unaofaa kwa kazi ni mfupi kuliko mkataba unavyoonyesha.

Ucheleweshaji mwingine huanzia kwenye malipo. Mkandarasi hufanya kazi kwanza, mhandisi akaipima, hati ya malipo ikaandaliwa, ndipo fedha zikasubiriwa. Bodi ya Usajili wa Makandarasi hupanga kampuni kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na kazi ndogo za wilayani mara nyingi huangukia kampuni za madaraja ya chini, ambazo nyingi hukodi greda na mashine za kushindilia. Hati ikikaa miezi, mwenye greda huihamishia kwingine. Wakazi huona mashine imetoweka na kusema mkandarasi amekimbia. Inawezekana, lakini si mara zote. Malipo yakichelewa sana, mkataba kwa kawaida humruhusu kudai riba, na riba hiyo hulipwa kwa fedha ambazo zingeweka kifusi mtaa wa jirani.

Siasa huongeza haraka yake. Katika uchaguzi mdogo wa Igunga wa Oktoba 2011, ahadi ya daraja la Mbutu iliyotolewa na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, ikawa miongoni mwa hoja za kesi iliyotengua matokeo Mahakama Kuu mwaka 2012, kabla Mahakama ya Rufani haijamrudishia mbunge kiti chake. Daraja lenyewe lilijengwa na umoja wa makandarasi wazalendo, na ujenzi wake uliendelea muda mrefu baada ya kampeni kwisha.

Kazi ikikamilika, huingia kipindi cha matazamio, aghalabu cha mwaka mmoja, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake na sehemu ya malipo yake huzuiliwa. Kipindi hicho hupitia masika mazima, na mtaro ulioelekezwa vibaya hujulikana humo. Mwenyekiti wa kijiji anayetunza tarehe na picha za maji yaliyotuama ana ushahidi wa kumpelekea mhandisi wa TARURA wilayani kabla fedha zilizozuiliwa hazijaachiwa.