Mota Ikitoka kwa Fundi, Ijaribuni Kwanza

Sisi wa Cheyo tunaishi Tabora, mji wa misafara ya zamani. Wapagazi walipita Tabora na mizigo kichwani, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Siku hizi mzigo mmoja unaotoka mjini kurudi kijijini ni mota ya mashine ya kusaga. Iliungua, fundi ameisuka upya, sasa imefungwa nyuma ya pikipiki. Nyumbani watu wanangoja unga.

Ikifika tu utasikia, "Haya, washa tusage!" Ngojeni kwanza. Mota ikiungua tena, fedha za kikundi zimepotea mara mbili.

Kwanza, someni kibao cha mota. Umeme wetu wa fezi tatu ni volti 400. Unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwenye kibao imeandikwa 50 Hz. Zipo mota za viwandani za 400 Hz. Hizo zina chombo chake maalumu cha kuongeza mwendo wa umeme. Ukiziunganisha moja kwa moja na umeme wetu, zinaungua.

Pili, umeme ukiwa umezimwa, toeni mkanda. Zungusheni mota kwa mkono. Ikikwaruza au ikikaza, huenda beringi ni mbovu au kifuniko hakikukaa sawa. Irudisheni kwa fundi.

Tatu, fundi aiwashe bila mkanda. Nyinyi tazameni na kusikiliza:

1. Inanguruma lakini haizunguki. Zima mara moja! Mara nyingi fezi moja haifiki. Pengine fyuzi imekatika, au waya umelegea njiani. Ukiiacha hivyo, koili zinaungua upesi.

2. Inazunguka kinyume. Haijaharibika. Fundi azime umeme, kisha abadilishe nafasi za nyaya mbili kati ya zile tatu.

3. Inazunguka vizuri ikiwa tupu, lakini ikipewa mahindi inachoka. Huenda fundi ameunganisha koili kwa mtindo wa nyota, na kibao kinataka pembetatu. Au mkanda umekazwa mno.

4. Inanuka kuungua, au inatoa moshi. Zima, msijaribu tena.

Jambo moja ni la hatari kuliko yote. Mtu akigusa mota akashtuliwa, umeme unavuja. Zimeni swichi kubwa, na asiguse mtu mpaka fundi aje. Msipime umeme kwa mkono. Waya wa ardhi lazima uwepo, na kazi ya kuunganisha ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mota ikipita majaribio hayo, rudisheni mkanda, sageni debe moja, halafu pumzikeni muone joto lake. Katika daftari la kikundi andikeni tarehe, jina la fundi na kazi aliyofanya. Ikisumbua tena, hamtabishana kwa maneno matupu. Mtafungua daftari na kusoma.